Jinsi ya kuchagua hedifoni za masikioni za bei nafuu: mwongozo kwa wasafirishaji na wafanyabiashara

Na Mwandishi Wetu, Kigali

Lori linalobeba kontena kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Kigali hupita njia ya takriban kilomita 1,500 kabla ya kushusha mzigo. Katika safari hiyo dereva na utingo wake hawatembei muda wote. Hungoja zamu kwenye mizani, hungoja karatasi kwenye kituo cha pamoja cha mpakani Rusumo, hungoja tena kushushiwa mzigo, na usiku hulala ndani ya kabini. Mfanyabiashara anayepanda basi Nyabugogo kwenda Kampala au Nairobi naye hukaa kitini saa nyingi. Kwa watu hawa wote kicheza muziki cha mfukoni, au simu yenye memori kadi, ni mwenzi wa safari.

Kicheza muziki kimoja huweza kudumu miaka kadhaa. Kinachokufa kila mara ni hedifoni ndogo za kuingiza masikioni, ambazo madukani Kigali ukiziita ekuteri utaeleweka haraka. Mwandishi wa makala haya aliwahi kununua jozi tatu za bei ya chini kabisa ndani ya miezi minne katika duka moja la katikati ya mji. Zote zilikufa upande mmoja, na mwishowe fedha iliyotoka ingetosha kununua jozi moja nzuri na chenji ikabaki.

Makala haya yanaeleza namna ya kuepuka hasara hiyo, kwa mnunuzi wa jozi moja na kwa anayeagiza katoni. Jambo la kushika ni hili: hedifoni ya bei nafuu huchaguliwa kwa jinsi inavyokaa sikioni na kwa uimara wa waya na pini yake. Namba na maneno yaliyochapishwa kwenye boksi yanafuata nyuma. Mambo hayo mawili ya kwanza hupimwa hapohapo dukani kwa dakika tano, bila kifaa kingine isipokuwa simu au kicheza muziki chako.

Aina mbili zinazochanganywa

Hedifoni ndogo ni za aina mbili. Ya kwanza ni ile ya plastiki tupu inayokaa mlangoni mwa sikio bila kuingia ndani. Aina hii ilienea sana baada ya kampuni ya Apple kutoa iPod mwezi Oktoba 2001 pamoja na hedifoni zake nyeupe, na waigaji wakajaza masoko ya dunia kwa nakala zake. Ya pili huwa na kijipira laini cha silikoni kinachoingia ndani ya tundu la sikio na kuliziba. Aina hii ya pili ilianzia kwa wataalamu wa masikio na wanamuziki. Kampuni ya Marekani ya Etymotic Research ilitoa ER-4 yake mwaka 1991, ikiwa ghali. Baadaye viwanda vya Asia vilishusha bei hadi kila mtu akaweza kununua.

Kwa mtu wa safari aina ya pili ndiyo inayofaa zaidi. Aina ya kwanza huruhusu kelele zote za injini kuingia, nawe hulazimika kupandisha sauti. Faida yake ni kwamba unasikia kinachoendelea karibu nawe, na watu wengine huona inawakaa vizuri zaidi. Ukiwa unauza, weka zote mbili, lakini mweleze mteja tofauti kabla hajalipa.

Kijipira ndicho kinacholeta besi

Malalamiko yanayosikika mara nyingi madukani ni kwamba hedifoni "haina besi". Mara nyingi hedifoni yenyewe haina kosa. Sauti nzito huhitaji hewa iliyofungiwa kati ya kiwambo cha hedifoni na ngoma ya sikio. Kijipira kikiwa kidogo kuliko tundu la sikio, hewa huvuja na besi huondoka nayo, na kinachobaki ni sauti nyembamba ya chuma. Kikiwa kikubwa mno, sikio huuma baada ya nusu saa.

Kwa sababu hiyo boksi zuri huwa na saizi tatu za vijipira: ndogo, ya kati na kubwa. Hedifoni inayouzwa na saizi moja tu ni ya kubahatisha. Tundu la kulia na la kushoto huweza kutofautiana kwa mtu yuleyule, hivyo usione ajabu ukihitaji saizi ya kati kulia na kubwa kushoto.

Kupima ni rahisi. Vuta sehemu ya juu ya sikio kidogo kwa mkono mmoja, ingiza hedifoni kwa mkono wa pili, kisha achia sikio. Sauti za dukani zinapaswa kupungua mara moja hata kabla ya kuwasha muziki. Washa wimbo wenye besi unaoujua vizuri, halafu bonyeza hedifoni ndani taratibu kwa kidole. Ukisikia besi ikiongezeka sana unapobonyeza, kijipira hakijaziba. Jaribu saizi kubwa zaidi. Isipobadilika, umepata saizi yako.

Kuziba vizuri kuna faida ya pili, nayo ni ya afya. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani na Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, walitangaza kiwango cha usikilizaji salama: kwa mtu mzima, desibeli 80 kwa muda usiozidi saa 40 kwa wiki. Sauti ikipanda hadi desibeli 90, muda huo hushuka hadi saa 4 kwa wiki. Ikifika desibeli 100, hubaki dakika 20 hivi kwa wiki nzima. Abiria wa basi mwenye hedifoni inayovuja hupandisha sauti ili kushinda injini, na safari moja ya usiku huweza kummalizia kiasi cha wiki. Mwenye hedifoni iliyoziba husikia maneno yote kwa sauti ya chini. Masikio yakianza kuvuma baada ya kusikiliza, hiyo ni alama kwamba umezidisha.

Namba za kwenye boksi zina maana gani

Boksi la hedifoni hujaa namba. Zifuatazo ndizo zinazoonekana zaidi.

Ukinzani. Hupimwa kwa omu, na alama yake ni Ω. Kwa simu na vicheza muziki vya mfukoni tafuta kati ya omu 16 na 32. Hedifoni zenye ukinzani mkubwa zaidi zilitengenezwa kwa mashine zenye nguvu, na kwenye kicheza muziki kidogo zinaweza kusikika chini hata ukipandisha hadi mwisho.

Usikivu. Hupimwa kwa desibeli kwa kila miliwati moja. Namba ya kawaida ni kati ya 95 na 110. Kila desibeli 3 za nyongeza zina maana kwamba nguvu inayohitajika kutoa sauti ileile inapungua kwa nusu. Hivyo hedifoni ya desibeli 106 huhitaji robo tu ya nguvu inayohitajiwa na ile ya desibeli 100. Usikivu mkubwa haumaanishi sauti nzuri, unamaanisha sauti kubwa kwa betri kidogo.

Masafa. Karibu kila boksi limeandikwa hezi 20 hadi 20,000, kwa kuwa hiyo ndiyo mipaka inayotajwa ya usikivu wa binadamu. Mwenye kiwanda huweza kuandika hivyo bila kusema sauti inashuka kiasi gani kwenye kingo hizo. Namba hii haikusaidii kuchagua.

Ukubwa wa kiwambo. Utaona milimita 8, 10 au zaidi. Kiwambo kikubwa kilichotengenezwa vibaya hushindwa na kidogo kilichotengenezwa vizuri.

Maneno "Super Bass" au "Extra Bass" ni tangazo la biashara tu na hayana kipimo cha pamoja. Kumbuka pia kwamba hedifoni haiwezi kurekebisha wimbo mbovu. Nyimbo nyingi zinazojazwa kwenye memori kadi vibandani zimebanwa mno ili zienee nyingi. Wimbo wa aina hiyo utasikika na mikwaruzo hata kwenye hedifoni ghali, na mara nyingine hedifoni nzuri ndiyo itakayoufichua ubovu huo.

Pini: hapa ndipo bidhaa nzima hurudishwa dukani

Pini ya kawaida ni ya milimita 3.5. Itazame kwa makini. Ikiwa na mistari miwili myeusi au myeupe, ni ya muziki tu. Ikiwa na mistari mitatu, ina maikrofoni ya kupigia simu. Ya mistari mitatu kwa kawaida hufanya kazi kwenye kicheza muziki cha zamani, ingawa vipo vichache vinavyogoma.

Tatizo linalowachanganya wauzaji ni hili: mteja anarudi akisema anasikia vyombo lakini mwimbaji amepotea, au sauti inatoka kama iko ndani ya pipa. Akibonyeza kitufe cha maikrofoni sauti inarudi sawa. Hedifoni hiyo mara nyingi ni nzima. Kulikuwa na mipangilio miwili ya pini za maikrofoni, inayojulikana kwa herufi CTIA na OMTP, nayo hutofautiana katika nafasi ya waya wa maikrofoni na wa ardhi. Simu za zamani za baadhi ya kampuni zilitumia mpangilio wa OMTP, na simu za leo zenye tundu hutumia CTIA. Kabla ya kuitupa hedifoni, ijaribu kwenye simu nyingine, na hakikisha pini imeingia hadi mwisho. Kasha nene la simu huizuia pini isifike.

Jambo la pili ni tundu lenyewe. Apple iliondoa tundu la milimita 3.5 kwenye iPhone 7 mwaka 2016, na kampuni nyingine zikafuata kwenye simu zao za bei ya juu. Tangu iPhone 15 ya mwaka 2023, simu za iPhone nazo hutumia tundu la Type-C. Kabla ya kununua, muulize mteja au jiulize mwenyewe: kifaa chako kina tundu gani? Hedifoni za Type-C nazo si sawa zote. Baadhi zina chipu yake ndani, na hizo hukubali kwenye vifaa vingi. Nyingine hutegemea simu itoe sauti ya kawaida kupitia tundu hilo, na simu nyingi hazifanyi hivyo. Ijaribu kwenye simu itakayotumika, usikubali kujaribiwa kwenye simu ya muuzaji peke yake.

Simu ndogo za tochi na vicheza muziki vingi bado vina tundu la duara. Hedifoni ya waya kwenye vifaa hivyo ina kazi nyingine: kwenye vingi waya wake ndio antena ya redio ya FM. Dereva anayetaka kusikia taarifa ya habari akiwa foleni mpakani kwa kifaa cha namna hiyo hawezi kuipata kwa hedifoni za bila waya.

Waya: sehemu inayokufa kwanza

Hedifoni ya bei nafuu mara chache hufa kwa kuharibika kiwambo. Hufa pale waya unapokunjwa kila siku: shingoni mwa pini, na mahali waya unapoingia kwenye hedifoni. Nyuzi za shaba ndani ni nyembamba sana, zikikatika upande mmoja hunyamaza.

Angalia mambo manne. Kwanza, shingo ya pini iwe na mpira laini unaopinda, si plastiki ngumu inayoishia ghafla. Pili, kama kifaa kinakaa mfukoni, pini iliyopinda kama herufi L huvumilia zaidi kuliko iliyonyooka. Tatu, pale waya unapogawanyika kwenda kulia na kushoto pawe na kifundo imara. Nne, waya uliosukwa kwa kitambaa hupendeza na haujifungi ovyo, lakini kitambaa hakiimarishi kiungo kama kiungo chenyewe ni dhaifu.

Siku hizi zipo hedifoni za bei ya wastani ambazo waya wake huchomoka ukabadilishwa. Salnotes Zero ya kampuni ya 7Hz, iliyotoka mwaka 2022 kwa takriban dola 20 za Marekani, ni mfano unaojulikana. Waya ukifa unanunua waya tu. Kwa mtu anayesikiliza kila siku na kutunza vitu vyake, hesabu ya aina hiyo huweza kumlipa. Kwa anayepoteza hedifoni kila baada ya miezi miwili, hailipi.

Za waya au za bila waya?

Hedifoni za Bluetooth zimeshuka bei sana na zinapatikana kila mahali. Hazina waya wa kukatika, nalo ni jambo zuri. Hata hivyo zina betri tatu: moja kila upande na moja kwenye kasha la kuchajia. Betri ndogo huchoka kadiri zinavyochajiwa, na kwenye aina za bei ya chini hakuna fundi anayezibadilisha. Upande mmoja ukidondoka chini ya kiti cha basi, ununuzi umekwisha. Aidha, vicheza muziki vingi vya bei ndogo havina Bluetooth kabisa.

Kwa bei ileile ya chini, sehemu ya fedha ya hedifoni ya bila waya imelipia betri, chipu na kasha. Katika hedifoni ya waya fedha hiyo huweza kwenda kwenye kiwambo, waya na vijipira. Kwa hiyo mwenye fedha kidogo na kifaa chenye tundu la duara atapata sauti bora zaidi kwa waya.

Majaribio sita ya kufanya dukani

Ukiwa Quartier Matheus, kwenye maduka ya jengo la CHIC, au soko la Kimironko, beba kifaa chako chenye wimbo unaoujua na ufanye haya kabla ya kulipa:

1. Vaa na upime kijipira kama tulivyoeleza hapo juu.

2. Sikiliza kwa sauti ya chini kabisa. Kulia na kushoto ziwe sawa. Tofauti ndogo husikika zaidi sauti ikiwa chini.

3. Muziki ukiwa unaendelea, pinda waya taratibu kwenye shingo ya pini, kwenye kifundo, na karibu na kila sikio. Sauti ikikatika hata mara moja, rudisha.

4. Zungusha pini ndani ya tundu. Mkwaruzo au upande kunyamaza ni dalili ya pini mbovu, au tundu la kifaa chako limechoka. Jaribu jozi nyingine ili ujue ni lipi.

5. Pitisha kidole juu ya waya. Nyaya nyingine hupeleka mkwaruzo wa nguo hadi sikioni, na ukitembea utasikia waya kuliko muziki.

6. Kama kuna maikrofoni, jirekodi sentensi moja ukisikilize tena.

Muuzaji anayekataa jaribio kwa sababu za usafi ana haki, kwani kitu hiki huingia sikioni. Suluhisho ni duka kuwa na jozi moja ya mfano na vijipira vya kubadilisha, kisha majaribio ya pini na waya yafanywe kwenye jozi utakayoichukua.

Dai risiti ya EBM, mfumo wa risiti za kielektroniki ulioanza Rwanda mwaka 2013. Bila risiti hiyo huna la kuonyesha ukirudisha bidhaa. Biashara ya kutembeza bidhaa barabarani imekatazwa na Jiji la Kigali, na anayenunua huko hana mahali pa kurudi kesho.

Hesabu ya bei: gawanya kwa miezi

Mtu wa uchumi haulizi tu bei ya kununua, huuliza gharama ya kutumia. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Jozi ya faranga 2,000 ikidumu mwezi mmoja, gharama yake ni faranga 2,000 kwa mwezi. Jozi ya faranga 8,000 ikidumu miezi kumi, gharama yake ni faranga 800 kwa mwezi. Ya pili ndiyo ya bei nafuu, ingawa mfuko huumia zaidi siku ya kwanza. Lakini hesabu hii hupinduka kwa mtu anayepoteza vitu: jozi ya faranga 8,000 ikipotea baada ya miezi mitatu imegharimu zaidi ya 2,600 kwa mwezi. Kila mmoja ajijue.

Kuhusu majina makubwa, jihadhari na nakala. Jozi yenye nembo maarufu inayouzwa kwa sehemu ndogo ya bei yake ni bandia mara nyingi. Katika bidhaa bandia sehemu ya fedha yako imenunua jina lisilo la kweli. Kwa bei hiyohiyo, jozi isiyo na jina kubwa lakini iliyopita majaribio sita ni ununuzi bora zaidi.

Kwa anayeagiza katoni

Mfanyabiashara wa jumla hupata hasara pale bidhaa inaporudi. Tuseme umenunua jozi 100 kwa faranga 1,000 kila moja na unauza kwa 1,500, nawe hubadilisha bure zilizo mbovu. Jozi 20 zikiwa mbovu, wateja wanaobaki wamelipia jozi 80 tu: mauzo ni 120,000 na faida ni 20,000. Ukinunua nzuri zaidi kwa faranga 1,200, zikawa mbovu 5 tu, unauza 95 kwa bei ileile ya 1,500: mauzo ni 142,500, mtaji ni 120,000, na faida ni 22,500. Bei ya kununua imepanda kwa asilimia 20 na faida bado imeongezeka. Ukiweza kuuza kwa 1,700 kwa sababu ya sifa nzuri, faida hufika 41,500. Kwa hiyo omba sampuli, fanya majaribio ya pini na waya kwenye jozi kadhaa za kila katoni, na hesabu mbovu kabla ya kutuma fedha ya awamu ya pili.

Upande wa forodha, hedifoni huwa katika kifungu 8518.30. Zile za bila waya baadhi ya nchi, ikiwemo Marekani, huziweka 8517.62, kwa hiyo muulize wakala wako wa forodha kabla ya kuagiza, si baada ya mzigo kufika. Rwanda iko katika Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2009, na ushuru wa pamoja una ngazi za asilimia 0, 10, 25, na tangu mwaka 2022 asilimia 35. Tofauti ya ngazi si ndogo. Kwa mzigo wenye thamani ya dola 1,000 pamoja na nauli na bima, ushuru wa asilimia 10 ni dola 100, na VAT ya asilimia 18 inayotozwa juu ya jumla hiyo ni dola 198: gharama inafika dola 1,298. Kwa ngazi ya asilimia 25 gharama ni dola 1,475. Tozo nyingine ndogo huongezwa juu ya hapo.

Mambo matatu zaidi kwa mwagizaji. Hedifoni za bila waya zina betri za lithiamu, na kwa usafiri wa ndege huhesabiwa kuwa mzigo wa hatari chini ya namba UN 3481, zikihitaji ufungaji na alama maalumu. Za waya hazina mzigo huo. Pia, kwa kuwa za bila waya ni vifaa vya redio, ulizia idhini ya RURA mapema. Tatu, hati rahisi ya uasilia ya Jumuiya kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 ni ya bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Hedifoni za China zilizonunuliwa Kigali, Kariakoo au Luthuli Avenue hubaki kuwa za China ukizivusha mpaka, na asiyejua hilo hukwama dirishani.

Utunzaji

Usiivute kwa waya, shika pini. Usizungushie waya kwenye kicheza muziki kwa nguvu. Ukunje kwa duara pana na uweke kwenye kopo dogo au kipochi. Nta ya sikio huziba wavu wa hedifoni na sauti hupungua upande mmoja, hivyo wengi hudhani imekufa. Toa vijipira, vioshe kwa maji na sabuni, vikauke kabisa, na futa wavu kwa mswaki mkavu hedifoni ikitazama chini. Usiazimane bila kuosha vijipira.

Barabarani zivue

Hedifoni zinazoziba masikio ni za kusubiri, za kupumzika na za abiria. Dereva wa lori au wa pikipiki anayehitaji kusikia honi, breki za hewa na king'ora azivue gari linapoondoka. Kwa njia zetu sababu ni kubwa zaidi: Rwanda magari hupita kulia, Tanzania na Uganda hupita kushoto. Anayevuka Rusumo au Gatuna hubadilisha upande wa barabara palepale, na dakika hizo za kwanza zinahitaji macho na masikio yote mawili. Utingo naye anayeongoza lori likirudi nyuma asiwe nazo.

Kwa muhtasari

Jua tundu la kifaa chako. Chagua omu 16 hadi 32, saizi tatu za vijipira, shingo laini ya pini. Jaribu kwa wimbo wako, pinda waya, chukua risiti. Gawanya bei kwa miezi unayotegemea itadumu. Mwenye kufanya hivyo atafika Rusumo muziki ukisikika pande zote mbili.